Mashine za Kukanda Mwili Nyumbani: Namna ya Kuchagua na Kuzitumia Bila Kujidhuru

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakazi kuhusu afya ya nyumbani



Kukanda mwili si jambo geni kwa yeyote aliyelelewa katika kaunti hii. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji moto, mchezaji aliyeteguka huchuliwa kwa mafuta, na mzee aliyeshinda shambani humwomba mjukuu amkanyage mgongoni kidogo kabla ya kulala. Kitu kigeni ni mashine. Zamani mashine hizi zilionekana katika hoteli na maduka makubwa ya mijini. Siku hizi zinauzwa madukani, sokoni na kwenye simu. Mnunuzi analipa kwa M-Pesa na mwendeshaji boda boda anamletea mzigo hadi mlangoni. Nyingine hutumwa na watoto wanaofanya kazi ng'ambo kama zawadi kwa wazazi.

Wanaozinunua wana sababu. Mwendeshaji boda boda anakaa juu ya pikipiki kutwa nzima kwenye barabara yenye mashimo. Mama mboga anainua magunia alfajiri na kusimama hadi jioni. Mchuma majani chai anainama, karani anakodolea tarakilishi, mwalimu anasimama mbele ya darasa. Jioni kiuno, shingo na miguu vinadai haki yao, na mtu anapoona tangazo la mashine inayoahidi kumaliza maumivu kwa dakika 15, mkono unaingia mfukoni.

Je, inasaidia? Jibu la kweli ni kwamba inasaidia kiasi, kwa maumivu ya aina fulani. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno, yale yanayodumu zaidi ya miezi mitatu bila chanzo maalumu. Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619, yaani mtu 1 kati ya 13 duniani, walikuwa na maumivu ya kiuno. Kukandwa ni miongoni mwa mambo ambayo mwongozo huo unayakubali, sambamba na mazoezi ya mwili na mafunzo ya kumwezesha mgonjwa kujitunza. Mikanda ya kufunga kiuno, ambayo nayo huuzwa sana, haikupendekezwa. Ifahamike kwamba kukandwa kunakozungumziwa hapo ni kwa mkono wa mtu mwenye ujuzi. Mashine inaiga mkono huo, lakini haina macho wala masikio, na haiwezi kujua kwamba imefika mahali pasipofaa. Anayepaswa kujua ni mtumiaji.

Mashine zenyewe ni za namna nyingi. Iko ile yenye umbo la bastola, inayoshikwa mkononi na kugonga misuli kwa kasi, ambayo vijana wa mazoezi wanaipenda. Uko mto wa shingo na mgongo wenye vinundu vinavyozunguka ndani ya kitambaa, mara nyingi vikiwa na joto. Iko mashine ya miguu, ambayo mtu hutumbukiza nyayo ndani yake kama anayevaa viatu, na liko beseni la miguu linalotiwa maji na kuyatikisa au kuyapasha moto. Kuna mikeka inayotetema, viti vizima vya kukandia vinavyogharimu fedha nyingi, na mashine ndogo za vibandiko zinazopitisha umeme hafifu kwenye ngozi. Halafu kuna vifaa visivyotumia stima kabisa: roli za mbao, roli za sponji ngumu, mipira yenye miiba butu. Hivi vya mwisho havina tangazo la kuvutia, lakini kwa watu wengi ndivyo vinavyofaa kuanza navyo.

Kabla ya kuuliza bei, swali la kwanza ni hili: itatumiwa na nani? Mashine moja inaweza kuwa faraja kwa kijana na hatari kwa mama yake katika nyumba hiyo hiyo.

Chukua mfano wa nyanya mwenye ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Mtoto wake aliye Dubai anamtumia mashine ya miguu yenye joto. Nia ni njema, na nyanya anafurahi. Mjukuu anaiwasha, anaweka joto la kati na kuuliza, "Nyanya, unasikia moto?" Nyanya anajibu, "Sisikii kitu, mjukuu wangu. Ongeza." Mjukuu anaongeza. Hakuna aliyekosa adabu wala aliyepuuza mwenzake. Lakini sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu neva za miguu, na miguu hiyo haisikii tena joto, msumari wala jiwe ndani ya kiatu. Nyanya anaungua bila kulia. Kesho yake kuna malengelenge, wiki ijayo kuna kidonda, na kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari hupona polepole, huoza kwa urahisi, na baadhi ya wagonjwa huishia kukatwa kidole au mguu.

Kwa hiyo mgonjwa wa sukari mwenye ganzi miguuni asitumie kifaa chochote chenye joto miguuni, iwe mashine, beseni au chupa ya maji moto. Ikiwa ni kuosha miguu kwa maji vuguvugu, maji yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine ambaye ngozi yake inasikia vizuri. Na kwa kuwa wapo watu wengi wenye sukari ambao hawajijui, familia inayotaka kumnunulia mzazi mashine ya miguu ianze kwa kumpima sukari na presha. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba hadi nyumba walipewa mikoba yenye vifaa vya vipimo hivyo, na zahanati pia hupima. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na huenda kikawa zawadi bora kuliko mashine.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Mtu akilazwa kwa muda mrefu, akifanyiwa upasuaji, akisafiri kwa basi saa nyingi bila kunyoosha miguu, au mama akiwa mjamzito au ametoka kujifungua, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Dalili yake ni mguu mmoja, si yote miwili, kuvimba, kuuma, kupata joto na pengine kubadilika rangi. Anayeuma mguu hutamani kukandwa, na hapo ndipo penye balaa. Kukanda mguu huo, kwa mashine au kwa mkono, kunaweza kuling'oa donge la damu likasafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Mguu mmoja uliovimba ghafla haukandwi, unapelekwa hospitali.

Wengine wanaopaswa kumwona mhudumu wa afya kwanza ni wajawazito, waliowekewa kifaa cha kudhibiti mapigo ya moyo, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wagonjwa wa saratani, wenye kifafa, waliopata kiharusi, na wazee ambao mifupa yao imedhoofika. Tumbo la mjamzito halikandwi kwa mashine yoyote. Mashine za vibandiko vya umeme haziwekwi kabisa kwa mwenye kifaa cha moyo, kwa sababu zinaweza kukivuruga kifaa hicho, na hata kwa mtu mzima wa afya hazibandikwi mbele ya shingo wala kifuani. Na kwa kuwa mifupa ya wazee imetajwa, ile desturi ya mjukuu kumkanyaga babu mgongoni nayo iachwe. Uti wa mgongo wa mzee wa miaka 75 si wa kupandwa.

Kuna pia maumivu ambayo hayahitaji kukandwa bali kuchunguzwa. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa za jioni, kutoka jasho usiku na kupungua uzito yanaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo. Ugonjwa huo una dawa, lakini ukicheleweshwa huacha kibyongo au kupooza. Maumivu ya kiuno yanayoambatana na ganzi sehemu za siri, miguu kulegea, au mkojo kuzuilika ama kutoka bila kujua ni dharura ya siku hiyo hiyo. Maumivu ya bega la kushoto, taya au mkono yakija na kifua kubana, kukosa pumzi na jasho baridi, yanaweza kuwa ya moyo. Aliyeanguka mnazini au kutupwa na pikipiki apigwe eksirei kabla ya kuguswa na mashine. Kila mwezi mmoja unaotumiwa kukanda maumivu ya namna hii ni mwezi uliopotea kwa matibabu.

Baada ya hapo, ndipo mtu aende dukani.

Jambo la kwanza kutazama ni kibandiko kilicho chini au nyuma ya mashine, si picha iliyo kwenye kasha. Umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50. Mashine iliyoandikwa 220–240V inafaa. Iliyoandikwa 110V au 120V ilitengenezwa kwa matumizi ya nchi kama Marekani, na ya Japani huandikwa 100V. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya hapa itaungua, pengine ikiwa mgongoni mwa mtu. Kubadilisha plagi tu hakubadilishi volti, hata kama fundi wa mtaani atasema imeingia vizuri. Zile zilizoandikwa 100–240V zinakubali umeme wa nchi zote. Jamaa walioko ng'ambo waambiwe mapema jambo hili, maana ni aibu kumwambia mtu kwamba zawadi aliyoilipia nauli ya ndege haiwezi kuwashwa.

Plagi iwe ya pini tatu bapa, yenye fyuzi ndani, inayoingia kwenye soketi bila kulazimishwa kwa kalamu au kijiti. Waya uwe mzima, usiwe na maungo ya utepe. Mashine nyingi ndogo huwa na alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake ni kwamba zina tabaka mbili za kuzuia umeme usimfikie mtumiaji, hivyo hazitegemei waya wa ardhini. Mashine isiyo na kibandiko chochote, isiyotaja volti, wati wala mtengenezaji, iachwe hapo hapo ilipo hata kama bei imekatwa nusu.

Bidhaa zinazoingizwa nchini hutakiwa kuwa na stika ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, na zinazotengenezwa hapa huwa na alama ya ubora ya shirika hilo, yenye nambari ya kibali chini yake. Nambari hiyo inaweza kuhakikiwa kwa simu kwa kuandika SM# ikifuatwa na nambari yenyewe na kutuma ujumbe kwenda 20023. Ni kazi ya dakika moja, na muuzaji mwaminifu hawezi kukasirika mteja akiifanya mbele yake.

Wapo wanaopendelea mitumba ya vifaa vya umeme kutoka Uingereza. Kwa upande wa stima hakuna shida, kwa kuwa plagi na volti za huko zinalingana na za hapa. Shida ni uchakavu. Kitambaa kinachofunika vinundu vinavyozunguka huwa kimetoboka, mpira umepasuka, swichi ya kujizima haifanyi kazi. Mnunuzi aombe mashine iwashwe dukani na iachwe iende dakika 15 nzima. Ikitoa harufu ya kuungua, ikipata joto kupita kiasi au ikipiga kelele ya chuma kusaga chuma, apokee tu chai ya mwenye duka na kuaga.

Risiti ichukuliwe, na waranti iandikwe si kusemwa kwa mdomo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo yanayohitajika ili kunufaika nazo, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara au akijeruhiwa kwa sababu ya kasoro ya bidhaa. Malalamiko hupokelewa na KEBS na pia Mamlaka ya Ushindani. Lakini bila risiti, haki hiyo ni vigumu kuidai, na muuzaji aliyeonekana kwenye mtandao wiki iliyopita huenda leo amebadilisha jina na nambari ya simu.

Kuhusu matangazo, kuna aina moja inayohitaji kusemwa wazi kwa sababu inawagharimu watu pesa na wakati mwingine uhai. Ni ile inayodai kwamba mashine inatibu sukari, presha, ugumba au kwamba "inatoa sumu mwilini". Mfano wake ni beseni la miguu lenye vyuma viwili vinavyopitisha umeme ndani ya maji yaliyotiwa chumvi. Baada ya nusu saa maji yanageuka kahawia, mtu anaonyeshwa na kuambiwa, "Tazama uchafu uliotoka mwilini mwako." Uchafu huo ni kutu ya vile vyuma. Atakayetaka kuhakikisha awaombe wauzaji waiwashe mashine kwa muda huo huo bila miguu ya mtu ndani: maji yatageuka kahawia vile vile. Hasara kubwa haiko kwenye fedha alizolipa. Iko kwa mgonjwa anayerudi nyumbani akiamini amesafishwa na kuacha vidonge vyake vya presha kwenye kabati.

Sasa matumizi. Hapa kuna jambo moja ambalo halitajwi sana, na linawahusu hasa wanawake wa kaunti hii. Mashine za kukanda shingo na mabega zina sehemu zinazozunguka, na kinachozunguka hunasa. Mwaka 2011 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu mashine moja ya kukanda mabega na shingo, baada ya mtu kufariki na mwingine kunusurika, mkufu na kipande cha nguo viliponaswa na sehemu inayozunguka na kuwakaba. Nywele za watumiaji wengine pia zilinaswa. Mamlaka hiyo haikusema mashine itumiwe kwa uangalifu. Iliwaambia wenye nazo waache kuzitumia na wazitupe sehemu zake mbalimbali ili zisiunganishwe tena. Nchini Japani vimetokea vifo vya watu waliotumia mashine ya kukanda miguu kwenye shingo baada ya kuondoa kitambaa kinachofunika roli zake. Roli zilivuta nguo walizovaa na kuwakaba koo.

Fikiria basi mtu mwenye nywele za kusuka zinazofika mgongoni, au aliyejitanda mtandio, au aliyefunga leso shingoni, amelalia mto unaozunguka huku akisinzia. Kabla ya kuwasha, nywele zifungwe juu kabisa ya kichwa, mtandio na leso vivuliwe, mkufu, shanga na kamba ya kitambulisho viondolewe. Wanaojisitiri wafanye hivyo chumbani pao, mlango ukiwa umefungwa lakini si kwa kufuli, na mtu mwingine awe nyumbani. Kitambaa cha mashine kikitoboka, mashine hiyo imestaafu. Mashine ya miguu ni ya miguu. Haipandishwi shingoni kwa sababu shingo ndiyo inayouma leo. Swichi au waya wa kuchomoa uwe mahali ambapo mkono unafika bila kuinuka.

Ile yenye umbo la bastola ina adabu zake. Nyingi hugonga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na kasi ya juu kabisa haikuwekwa kwa ajili ya anayeanza. Huanzwa kwa kasi ya chini, juu ya nyama za misuli pekee: paja, ndama wa mguu, kalio, nyuma ya bega. Haiwekwi juu ya mfupa, goti, kiwiko, uti wa mgongo, figo, kinena wala kwapa. Pande na mbele ya shingo ni marufuku, kwa sababu hapo ndipo inapopita mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo. Dakika moja au mbili kwa kila msuli zinatosha, ikitembezwa taratibu bila kukandamizwa. Vijana wenye imani kwamba maumivu zaidi ndiyo nafuu zaidi wasikilize hili: mwaka 2021 jarida moja la fiziotherapia lilichapisha taarifa ya madaktari wa China kuhusu mwanamke kijana ambaye, baada ya mashine ya aina hii kutumiwa kwenye miguu yake kufuatia mazoezi ya baiskeli, alipata maumivu makali na mkojo wa rangi ya chai. Nyuzi za misuli yake zilikuwa zimevunjika na kumwaga vitu vinavyoweza kuziba figo. Alilazwa akatibiwa. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi baada ya kukandwa au mazoezi mazito, ni hospitali moja kwa moja.

Kwa mashine nyingine, dakika 15 hadi 20 ni kikomo, mara moja au mbili kwa siku. Zilizo nzuri hujizima zenyewe, na anayeiwasha tena mara tatu mfululizo anaishinda nguvu busara ya aliyeitengeneza. Mtu asilale nayo ikiwa imewaka, hasa yenye joto. Aliyekunywa pombe au dawa za usingizi aiache hadi kesho, kwa kuwa mwili wake hautamwambia ukweli. Marhamu za kuchua zenye ukali wa pilipili au menthol hazichanganywi na joto la mashine. Ngozi huungua kwa pamoja. Juu ya kidonda, upele, jipu au mshipa uliovimba na kujipinda, mashine haipiti. Inayotumiwa na watu wengi ifutwe kwa kitambaa chenye sabuni kidogo baada ya kuchomolewa, maana mapunye na upele husafiri kwa njia hiyo.

Watoto wana hamu ya kila kinachotetema. Vidole vyao vinaingia mahali ambapo vya mtu mzima haviingii, kwa hiyo mashine ihifadhiwe kabatini na si chini ya meza ya runinga.

Maji na stima vinajulikana kuwa si marafiki, lakini beseni la miguu linawakutanisha kila jioni. Beseni hujazwa maji likiwa halijachomekwa. Miguu huingia mtu akiwa ameketi, plagi huchomekwa na swichi kuwashwa kwa mkono mkavu, na kabla ya kusimama au kumwaga maji plagi hutolewa. Hakuna kusimama ndani ya beseni. Ekstensheni isikae sakafuni karibu na maji, na ile inayolisha runinga, friji na chaja tano za simu haihitaji mzigo mwingine. Stima ikipotea, mashine izimwe na kuchomolewa, kwa sababu inaporudi huja na nguvu isiyotarajiwa na kuvigonga vifaa.

Mashine za betri zichajiwe kwa chaja yake yenyewe, juu ya kitu kigumu kisichoshika moto haraka. Kuchaji usiku kucha juu ya godoro ni kukaribisha moto kitandani. Betri ikivimba, ikivuja au ikinuka, isichajiwe tena. Isitupwe chooni wala kwenye moto wa takataka. Ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, na kabla ya hapo ikae nje ya nyumba, mbali na jua.

Kuhusu tokeni, wasiwasi wa wengi si wa kweli. Mashine ya wati 40 ikitumika dakika 15 kila siku kwa siku 30 hula uniti 0.3 tu. Beseni lenye kupasha maji la wati 500, kwa dakika 20 kila siku, hula uniti 5 kwa mwezi. Kinachopaswa kumfikirisha mtu ni bei ya kununua, kwa sababu kuna njia za bei nafuu zinazofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mpira wa tenisi uliotiwa ndani ya soksi, ukibanwa kati ya mgongo na ukuta, hufika mahali ambapo mkono haufiki, na mwenye mgongo ndiye anayeamua ubanwe kiasi gani. Chupa ndogo ya plastiki yenye maji baridi, ikiviringishwa chini ya unyayo kwa dakika chache kila asubuhi, huwasaidia wengi wenye maumivu ya kisigino. Taulo iliyochovywa maji moto na kukamuliwa bado ni dawa nzuri ya shingo iliyokazana, kwa asiye na ganzi. Na mwendeshaji boda boda anayeshuka kila baada ya saa moja, akatembea hatua hamsini na kuunyoosha mgongo, anazuia maumivu ambayo mashine ingekuja kuyabembeleza usiku.

Maumivu yakizidi wiki chache, pesa za mashine zingefanya kazi zaidi zikimpeleka mtu kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Wataalamu hawa husajiliwa kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2014 na wanapatikana katika hospitali kubwa za umma, kwa rufaa kutoka zahanati au kituo cha afya. Watamwonyesha mgonjwa mazoezi anayoweza kufanya mwenyewe nyumbani. Mwenye mashine tayari anaweza kuibeba aende nayo. Ni rahisi zaidi kuonyeshwa juu ya mwili wake mwenyewe mahali pa kuiweka kuliko kusoma karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kichina.

Ajali ikitokea, mpangilio wa mambo ni muhimu. Nywele au nguo zikinaswa, kwanza plagi ichomolewe, ndipo mkasi utumike. Kuvuta wakati roli zinazunguka huzidi kukaza. Mtu akipigwa na stima asiguswe kabla umeme haujakatwa, na msaada uitwe kwa nambari 999 au 112. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, yai, samli wala unga, na malengelenge yasipasuliwe. Kidonda cha moto mguuni kwa mgonjwa wa sukari, hata kikiwa kidogo kama sarafu ya shilingi moja na hata kama yeye mwenyewe anasema hakimuumi, kinapelekwa zahanati siku hiyo hiyo.